Kujifunza uaskari wa wanyamapori huku ukilipwa: majibu kwa wasomaji wetu

Barua kadhaa zilizotufikia zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: je, mtu asiye na fedha za chuo anaweza kuingia katika kazi ya ulinzi wa wanyama, misitu au bahari, akafundishwa akiwa kazini na akalipwa tangu mwanzo? Tumechagua nne kati ya barua hizo, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wengi.

Nimemaliza kidato cha nne, sina ada ya chuo. Nianzie wapi?

*Shikamoo Mshauri. Mimi ni kijana wa miaka 22, mkazi wa Natta, Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja la nne, na tangu hapo nalima pamoja na wazazi na kufanya vibarua. Natamani sana kuwa askari wa uhifadhi, lakini nyumbani hakuna fedha za ada, na mimi ndiye ninayewasaidia wadogo zangu wawili wanaosoma. Nimesikia kuna sehemu unajifunza kazi ukiwa kazini na unalipwa. Je, ni kweli? Jambo jingine linaloninyima usingizi ni kwamba baba yangu mdogo aliwahi kufungwa kwa kukutwa na nyamapori. Je, hilo litanizuia?*

Marahaba, mwanangu. Ni kweli kwamba kazi hii inaweza kujifunzwa ukiwa kazini na ukilipwa, na wewe unaishi katika mojawapo ya sehemu chache za nchi ambako nafasi za namna hiyo ziko karibu na nyumbani. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu naona vijana wengi wakipoteza miaka wakisubiri tangazo kubwa la serikali, ilhali kijijini kwao kuna nafasi ambazo hawajawahi hata kwenda kuziulizia.

Nianze na hilo tangazo la serikali. Askari wa TANAPA (Hifadhi za Taifa), TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na Wakala wa Huduma za Misitu leo wamo katika mfumo mmoja wa kijeshi, Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, ambalo watu wamezoea kuliita Jeshi Usu. Huko nako mtu hufundishwa akiwa ameshachukuliwa: waajiriwa wapya hupitia mafunzo ya kijeshi, kama yale yanayotolewa katika kituo cha Mlele mkoani Katavi, ndipo wapangiwe vituo. Tatizo ni kupata hiyo nafasi. Waombaji huwa wengi mno, na wengi wao huwa tayari wana cheti cha Taasisi ya Mafunzo ya Wanyamapori Pasiansi, iliyopo Mwanza tangu mwaka 1966, au wamesoma Chuo cha Mweka kilicho kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Omba kila tangazo linapotoka na sifa zako zinapokidhi, lakini usiyafunge maisha yako hapo.

Nafasi ninayotaka uitazame kwanza ni ya askari wa wanyamapori wa kijiji, wale wanaojulikana kwa kifupi kama VGS. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inawatambua askari hao, nao hufanya kazi hasa katika Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ambazo vijiji huziunda kwa kutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama na kupata mapato ya utalii na uwindaji wa kitalii. Upande wenu iko Jumuiya ya Ikona, ambayo Robanda na Natta Mbiso ni miongoni mwa vijiji vyake. Askari wa jumuiya hupatikana kutoka vijiji wanachama, na jina la mwombaji hupita kwenye serikali ya kijiji. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kwenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji chako, umweleze kila mmoja nia yako ana kwa ana, kisha uende ofisi ya jumuiya kuuliza ni lini wanatarajia kuongeza askari na ni sifa gani wanazitazama. Ukirudi kuuliza tena baada ya miezi michache, si utovu wa adabu. Viongozi humkumbuka kijana anayefuatilia.

Anayechaguliwa hupewa mafunzo ya msingi. Chuo kilichoanzishwa hasa kwa ajili ya askari wa vijiji ni kile cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, ingawa mara nyingine wakufunzi huletwa karibu na jumuiya yenyewe. Mafunzo hayo hugusa kwata, ukakamavu, sheria, usomaji wa ramani na huduma ya kwanza, nayo si marefu. Sehemu kubwa ya kazi utaijua baadaye, kwenye doria, ukitembea nyuma ya askari aliyekutangulia kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo shule ambayo utakuwa unalipwa ukiwa ndani yake.

Upande wenu pia zipo taasisi binafsi za uhifadhi zinazoajiri askari kutoka vijijini. Katika mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, Grumeti Fund imekuwa ikifanya kazi na serikali tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na askari wake wengi wametoka vijiji vinavyoyazunguka mapori hayo. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti kumekuwapo tangu mwaka 2017 timu za kuondoa mitego ya nyaya, zilizoanzishwa na Shirika la Frankfurt Zoological Society kwa kushirikiana na hifadhi na kugharimiwa na wenye hoteli na kampuni za utalii. Nafasi katika taasisi kama hizi ni chache na huja kwa vipindi, lakini malipo yake kwa kawaida huwa ya uhakika zaidi kuliko posho ya jumuiya.

Sasa nikueleze unachokwenda kujifunza, kwa maana wengi hudhani ni bunduki. Siku ya kwanza hutapewa bunduki, na askari wengi wa vijiji hufanya kazi miaka mingi bila kuibeba. Utapewa daftari au simu yenye programu ya kuwekea kumbukumbu za doria, na utafundishwa kuona. Chukua mfano wa mtego wa waya, kitu utakachokutana nacho mara nyingi kuliko kingine chochote. Ni uzi wa chuma, mara nyingi umetolewa kwenye tairi kuukuu lililochomwa, umefanywa kitanzi na kufungwa kwenye shina la mti kwa kimo cha shingo ya nyumbu, kando ya njia wanayopita kwenda mtoni, na matawi yameegemezwa huku na huku ili mnyama asipate pengine pa kupita. Kuruti akiuona hukimbilia kuufungua. Askari mzoefu humshika mkono, akamwambia asimame pale alipo na atazame chini kwanza: nyayo za aliyeutega zinaelekea wapi, ni za jana au za leo asubuhi, na mtego wa pili uko wapi, maana mitego hiyo hutegwa kwa safu, pengine kumi, pengine zaidi. Kisha hupigwa picha, huandikwa majira ya nukta, yaani mahali hasa mtego ulipo kwenye ramani, na saa, ndipo waya hufunguliwa, huhesabiwa na kubebwa kambini. Taarifa hizo zikikusanywa kutoka doria nyingi, mkuu wa kikosi hujua ni bonde lipi litegwe lindo na ni wiki gani, na askari wachache hulinda eneo kubwa kwa sababu ya maandishi ya kuruti aliyekuwa mwangalifu.

Ndiyo maana daraja lako la nne halinitishi sana, mradi unaandika vizuri. Kesi nyingi za ujangili huamuliwa kwa karatasi. Mtu akikamatwa na nyara, yaani nyama, pembe, ngozi au sehemu nyingine ya mnyamapori, lazima ijazwe hati ya ukamataji mali, isainiwe mbele ya shahidi huru, na kila mkono uliokipokea kielelezo tangu porini hadi mahakamani uonekane kwenye maandishi. Pengo likiwapo, mahakama humwachia mshtakiwa, nayo inafanya haki, kwa sababu kwa kosa la kupatikana na nyara za serikali sheria yetu inaweza kumpeleka mtu jela miaka 20 au zaidi. Kijana anayeshika kalamu kwa uaminifu hapo hulinda mambo mawili kwa wakati mmoja: wanyama, na mwanakijiji ambaye huenda hana hatia.

Sehemu nyingine ya kazi itakuwa usiku, mashambani. Unajua mwenyewe tembo wanavyoingia kwenye mahindi na mtama upande wenu. Askari wa vijiji katika jumuiya kadhaa za kaskazini wamefundishwa kuwarudisha kwa hatua: kwanza tochi yenye mwanga mkali, asiposikia hupigwa honi, akikaidi hurushwa unga wa pilipili unaolipuka hewani, na mwisho kabisa fataki. Utaratibu huo hufuatwa ili tembo asizoee na ili asikasirishwe mapema bila sababu. Mkulima aliyelinda shamba lake pamoja nawe usiku kucha ndiye atakayekupigia simu siku akimwona mgeni mwenye misumeno na pikipiki akiulizia njia ya porini. Kati ya sensa ya mwaka 2009 na ile ya mwaka 2014, idadi ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000. Hasara ya namna ile haizuiliki kwa doria peke yake, kama vijiji vimenyamaza.

Kuhusu malipo, naomba unisikilize kwa makini. Neno "mafunzo kazini" hutumiwa na waajiri wema, na hutumiwa pia na watu wanaotaka nguvu za vijana bure. Kabla hujabeba begi kwenda kambini, ulizia yaandikwe: utalipwa kiasi gani na tarehe ngapi, kipindi cha majaribio ni muda gani, siku za mapumziko ni zipi, nani ananunua buti, sare, hema na chakula cha doria, na baada ya mafunzo utapewa cheti chenye jina la nani. Uliza kama utaandikishwa NSSF, na kama mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu nyati hatofautishi kati ya askari mwenye mkataba na kibarua, lakini siku ya kulazwa hospitalini familia yako itaiona tofauti hiyo. Katika jumuiya za vijiji malipo mara nyingi huitwa posho, na posho hiyo huyumba watalii wanapopungua, kama ilivyotokea mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Kwa kuwa unawasomesha wadogo zako, usiache kabisa kulima. Panga na wazazi shamba liendelee, ili miezi ya posho kuchelewa isikusukume kwenye vishawishi, na vishawishi katika kazi hii hakika vipo.

Nimefika kwa baba yako mdogo. Kosa ni lake, na adhabu aliibeba yeye. Taasisi makini itachunguza mwenendo wako wewe, na inaweza kukuuliza habari za ndugu zako. Ukiulizwa, sema ukweli wote mapema, usingoje uvumbuliwe na mwingine. Tena nikuambie kwamba katika ukanda wenu wapo askari wazuri ambao zamani waliwinda wenyewe bila kibali, wakaajiriwa kwa sababu walijua njia na mbinu kuliko yeyote aliyetoka chuoni. Kitakachopimwa kwako ni hiki: utafanya nini siku utakapomkuta ndugu yako ndani ya pori? Jiulize hilo sasa, ukiwa nyumbani, na ujibu moyoni mwako kabla hujaulizwa na kamati. Kama jibu linasitasita, bado hujawa tayari, na hakuna aibu kusubiri mwaka mmoja.

Wakati unasubiri, usikae bure. Kimbia asubuhi. Soma sheria niliyoitaja, ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nenda kwa wazee wa Kinata na wa Kiikoma, ambao babu zao waliishi kwa kuwinda pamoja na kulima na kufuga, uwaombe wakutembeze na kukufundisha nyayo, majina ya miti na tabia za wanyama. Ukishapata kazi na kukaa miaka miwili au mitatu ukiwa na barua nzuri ya mkuu wako, ndipo uombe Pasiansi. Waajiri wengine humlipia ada askari wao aliyejituma, na hata usipolipiwa, utakuwa na akiba yako mwenyewe. Sifa za kujiunga hubadilika, hivyo tazama mwongozo wa udahili wa mwaka husika, na kama masomo yako hayatoshi, rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ukiwa kazini. Wapo walioanza na posho ya kijiji ambao leo ni wakuu wa vikosi.

Mimi ni mvuvi. Je, baharini hakuna askari?

*Assalaam aleikum. Natoka Dimani, Unguja, nina miaka 26, navua kwa dema, ule mtego wa samaki, tangu nikiwa mdogo. Sikumaliza sekondari. Kila nikisoma habari za askari wa uhifadhi naona bara na tembo tu. Je, baharini hakuna kazi ya namna hiyo ambayo mvuvi anaweza kufundishwa akalipwa?*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ipo, na mfano mzuri kuliko wote unauona kutoka ufukweni kwenu. Kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, kina mwamba wa matumbawe uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1994, nao unasimamiwa na kampuni binafsi iitwayo Chumbe Island Coral Park. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, walioajiriwa na kufundishwa hapohapo kisiwani. Hawakuletewa walimu wa kijeshi. Walifundishwa na wataalamu wa bahari kuogelea na miwani juu ya mwamba, kutambua samaki na matumbawe, kuandika idadi na mabadiliko, kuongoza wageni, na kuzungumza Kiingereza kidogo kidogo kwa kukitumia na wageni wenyewe.

Walinzi wa Chumbe hawana silaha. Ngalawa ikiingia eneo lililokatazwa, mlinzi huiendea, husalimia, hukaa na wavuvi wale na kuwaeleza kwa nini eneo limefungwa: samaki wakubwa wanaotaga humo ndio wanaojaza maji ya nje ambako kila mtu anaruhusiwa kuvua. Kisha huandika tukio, chombo na majibu aliyopewa. Wewe uliyekulia kwenye dema unajua kuzungumza na mvuvi mwenzio kwa lugha ambayo afisa wa ofisini hataiweza hata akisoma miaka kumi, na hiyo ni sifa ya kuitaja waziwazi kwenye barua yako ya maombi, bila kuona haya juu ya sekondari uliyoiacha. Kazi nyingine ya walinzi hao imekuwa kumwondoa kwa mkono kiti cha pweza wa miiba, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota anayekula matumbawe, kwa uangalifu mkubwa kwa sababu miiba yake ina sumu.

Chumbe ni kisiwa kidogo na haiwezi kuwachukua wote. Nyumbani kwenu lipo pia eneo la Hifadhi ya Ghuba ya Menai, lililoanzishwa mwaka 1997, ambako kamati za wavuvi za shehia hushiriki doria pamoja na serikali. Huko ushiriki mwingi ni wa kujitolea, basi uliza mapema kama kuna posho ya mafuta na ya siku, usije ukapoteza siku za maji mazuri ya kuvua bila chochote cha kupeleka nyumbani. Wasomaji wa bara walio karibu na Mafia waulizie katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania Bara, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo nayo hushirikiana na vijiji vilivyomo ndani yake.

Jifunze mambo mawili kabla ya kuomba: kutengeneza mashine ya boti, na huduma ya kwanza kwa aliyezama. Mwombaji anayeyajua hayo hufikiriwa mapema.

Binti yangu anataka kuwa askari wa wanyama. Naogopa.

*Mhariri mpendwa, mimi ni mama wa watoto wanne huku Loitokitok, Kaunti ya Kajiado. Kifungua mimba wangu ana miaka 20 na amesikia kwamba wanaajiri wasichana kuwa maskauti wa jamii kule Amboseli. Anasema atafundishwa na kulipwa. Mimi naogopa wanyama, naogopa majangili, na kusema kweli naogopa pia kumwacha msichana kambini na wanaume. Nimkubalie?*

Mama, hofu zako zote tatu ni za haki, nami sitakuambia kwamba kazi hii haina hatari. Tarehe 24 Aprili 2020 askari 12 wa Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, waliuawa katika shambulio moja, na hao si wa kwanza wala wa mwisho katika hifadhi ile. Amboseli haina vita vya namna hiyo. Hatari za skauti wa kwenu ni tembo aliyeshtuliwa kwenye kichaka, nyati mzee aliye peke yake, mwendo mrefu juani bila maji ya kutosha, na gari bovu kwenye njia mbovu. Nyingi ya hizo hupunguzwa na mafunzo mazuri na mkuu wa kikosi mwenye busara, kwa hiyo jambo la kuchunguza ni nani hasa atakayemfundisha na kumwongoza.

Binti yako hatakuwa wa kwanza. Mwaka 2019 wasichana wanane wa Kimaasai walichukuliwa katika eneo la Olgulului, linaloizunguka Amboseli, wakafundishwa na kuanza doria kama kikosi kilichoitwa Team Lioness, kwa msaada wa IFAW, shirika la kimataifa la ustawi wa wanyama. Mwaka uliofuata korona ilipoingia, walikaa kambini miezi kadhaa bila kurudi nyumbani ili doria zisisimame. Kikosi hicho kimekua tangu wakati huo. Wanawake vijijini huwaambia mambo ambayo hawangemwambia skauti mwanamume, na kwa kuwa Hifadhi ya Amboseli yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 392 tu, na tembo na simba wake huishi muda mwingi nje yake, kwenye malisho ya watu, habari hizo za vijijini zina thamani kubwa. Katika eneo hilohilo mpango wa Lion Guardians, tangu mwaka 2007, umeajiri vijana wa Kimaasai kufuatilia simba, wengine wakiwa hawajawahi kwenda shule, wakafundishwa kusoma, kuandika na kutumia kifaa cha GPS wakiwa kazini. Kwa hiyo binti yako hajadanganywa aliposema atafundishwa na kulipwa.

Sasa kuhusu hofu ya tatu, ambayo nadhani ndiyo kubwa kwako. Usimkatalie, lakini usimwache aende peke yake siku ya usaili wala siku ya kuripoti. Nenda naye. Mwombe mkuu akuonyeshe wanapolala wasichana, choo na bafu lao, na uulize ni wangapi watakuwa pamoja naye zamu moja. Uliza jina na cheo cha mtu ambaye binti anaweza kumpelekea malalamiko, na mtu huyo asiwe mkuu wake wa moja kwa moja. Uliza kuhusu bima, likizo ya uzazi, na siku za kurudi nyumbani. Waombe wakukutanishe na mama wa skauti mwingine, mzungumze mkiwa wawili tu. Mwajiri mzuri atayajibu yote hayo bila kununa, na akinuna umepata jibu lako. Iwapo ataendelea vizuri, maskauti wa jamii wengi hupelekwa baadaye kwa mafunzo katika chuo cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, kule Manyani, Taita Taveta, na cheti cha huko kitamsaidia hata akitaka kuhamia sehemu nyingine.

Mwache pia akutane na wazee wa ukoo kabla hajaanza, ili siku atakapowazuia vijana wa kwenu wasimwue simba aliyekula ng'ombe, wajue amesimama na nani.

Nimeambiwa nitume pesa ili niwekewe nafasi ya mafunzo

*Mshauri, niko Morogoro. Mtu amenipigia akisema jina langu limepita kwenye mafunzo ya askari wa uhifadhi yenye malipo, nitume pesa za sare na vipimo kabla ya Ijumaa. Nifanye nini?*

Usitume. Nafasi za serikali hutangazwa hadharani, kwenye tovuti ya taasisi husika au ya Sekretarieti ya Ajira, na mwombaji halipii nafasi yake. Taasisi binafsi na jumuiya za vijiji nazo zina ofisi unazoweza kwenda kwa miguu yako na kuuliza kama huyo mtu ni wao. Hifadhi namba iliyokupigia na ujumbe wote aliokutumia, usifute hata mmoja, uupeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe, na kama amejitambulisha kuwa mtumishi wa umma, upeleke pia ofisi ya TAKUKURU ya mkoa. Fanya hivyo kabla ya hiyo Ijumaa, kwa sababu huenda namba hiyohiyo inawapigia vijana wengine leo.